Kazi unayoitaka, watu unaowaogopa

Mtu aliyetaka ualimu anauza kava za simu kwenye duka la binamu yake. Aliyesoma sheria anaomba kazi ya masjala. Mwenye sauti ya redio kabisa anakaa chumba cha nyuma akihariri sauti za wenzake. Ukiwauliza watakupa sababu: ajira hakuna, mtaji ulipatikana, mawazo yalibadilika. Mara nyingi sababu hizo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba kazi ile ilidai kusimama mbele ya macho ya watu, na mwili ukagoma.

Simzungumzii mtu anayetetemeka dakika mbili za mwanzo kisha akakolea. Hiyo ni hofu ya kila mtu. Ninachokizungumzia ni wasiwasi wa kijamii, yaani hofu kali ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu. Huanza siku kadhaa kabla ya tukio, hukaa nawe ndani ya tukio, na usiku ukishalala unakuamsha kukusomea mashtaka. Kwa wengi huanza shuleni, wakati wa kubalehe, ndiyo maana mtu hufika umri wa kuchagua kazi akidhani ndivyo alivyoumbwa. Kwetu unajificha vizuri zaidi kwa sababu unafanana na malezi mema. Mtoto asiyefungua mdomo mbele ya wageni husifiwa, binti anayetazama chini huambiwa ametulia. Ukitaka kutofautisha, angalia kinachoendelea ndani. Mwenye haya anaweza kunyamaza akiwa na amani, bali mwenye wasiwasi ananyamaza huku kichwani anajikagua kila sekunde: nimekaaje, sauti imetokaje, wameona?

Hofu yenyewe mara chache huiua kazi. Kinachoiua ni ujanja wa kuificha.

Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza mzunguko huu kwa namna ambayo bado ndiyo msingi wa tiba. Mtu akiingia mahali pa kutazamwa, umakini wake hugeuka ndani. Anachokisikia mwilini (moyo kwenda mbio, uso kupata joto) anakichukua kama picha ya namna anavyoonekana nje. Kisha anaanza kujikinga, na kinga zenyewe ndizo zinazoharibu mambo. Anayeogopa mkono kutetemeka huikamata kalamu kwa nguvu, na msuli uliokazwa ndio unaotetemeka. Anayeficha jasho havui koti, basi analoa. Anayeharakisha ili amalize anaishiwa pumzi katikati ya sentensi. Anayetunga jibu kichwani wakati mwenzake bado anaongea hasikii swali, anajibu lingine. Na yule anayekwepa macho ya watu ofisini, wenzake hawasemi "ana hofu". Wanasema anaringa.

Zipo kinga za siku hizi ambazo hata hazifanani na hofu: kurekodi ujumbe wa sauti mara tano kabla ya kuutuma, kuiacha simu iite mpaka ikate, halafu kuandika "samahani, sikuiona", kuzima kamera kwenye kila kikao cha mtandaoni kwa kisingizio cha bando, kujitolea kuandika muhtasari wa kikao ili usiombwe kuchangia. Hii ya mwisho ni ya wafanyakazi hodari, na inawagharimu sana, kwa sababu mwandika muhtasari wa kudumu hapandishwi cheo kuwa mwenyekiti.

Kosa kubwa la kinga ni kwamba ukivuka salama, sifa zote zinakwenda kwake. "Nilinusurika kwa sababu sikumtazama mtu." Hivyo hata mafanikio hayakufundishi kitu, na mtu anaweza kukaa miaka kumi kazini, kila siku mbele ya watu, asipone.

Mohandas Gandhi alirudi India kutoka London mwaka 1891 akiwa wakili kamili. Katika kesi yake ya kwanza huko Bombay, kwenye mahakama ya madai madogo, alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikawa cheupe, hakupata swali hata moja. Alikaa chini, akasema kesi apewe wakili mwingine na ada yake ya rupia 30 irudishwe. Mwaka 1893 alipanda meli kwenda Afrika Kusini, safari iliyopita Lamu, Mombasa na Zanzibar, na kabla mwaka haujaisha alisimama Pretoria, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja, akawahutubia Wahindi wenzake kuhusu ukweli katika biashara. Mwenyewe aliihesabu hiyo kuwa hotuba yake ya kwanza mbele ya umma. Watu hupenda kusema "alijipa moyo". Mimi naona zaidi mazingira: sebule badala ya mahakama, mada aliyoiandaa, na ujumbe aliotaka uwafikie wale watu. Umakini ulikuwa na mahali pa kwenda nje ya nafsi yake.

Basi kazi ya kwanza ni kuuhamisha umakini. Anza pasipo na hatari. Ndani ya daladala, chagua sauti tatu, injini, redio, konda, uzifuate moja baada ya nyingine kwa dakika mbili mbili. Ukishazoea, peleka zoezi kwenye mazungumzo ya kweli kwa sharti moja: mkiachana, uweze kutaja mwenzako alivaa rangi gani na sentensi yake ya mwisho ilikuwa ipi. Usipoweza, ulikuwa unajitazama mwenyewe.

Kazi ya pili ni kuisahihisha ile picha, na chombo unacho mfukoni. Weka simu ikurekodi ukieleza mada unayoijua kwa dakika tatu, mbele ya mtu mmoja au wawili. Kabla ya kuitazama video, andika unachoamini kitaonekana, kwa namba kutoka 0 hadi 100: mikono itatetemeka 80, uso utakuwa mwekundu au umekakamaa 90, kimya kile katikati kilichukua sekunde 20. Uigize hata huo mtetemeko, ili ubashiri uwe wazi. Kisha itazame kama vile unamtazama mpita njia usiyemjua. Watu wengi hukuta mtetemeko hauonekani kabisa na kimya cha sekunde 20 kilikuwa sekunde 3. Ukiruka hatua ya kuandika ubashiri, zoezi linakufa. Utatazama video huku ukikumbuka ulivyojisikia, na utaona ulichokihisi.

Kuhusu macho ya watu, lipo jaribio la Thomas Gilovich, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, na wenzake, lililochapishwa mwaka 2000. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyemwona wa aibu, wakaingizwa chumba chenye wenzao. Walikadiria kwamba karibu nusu ya waliomo wangeitambua picha. Waliotambua walikuwa karibu robo.

Sasa ngazi. Andika hali 8 hadi 12 zinazoelekea kwenye kazi unayoitaka, kila moja uipe alama ya hofu kutoka 0 hadi 100, na uanze na yenye alama 30 au 40. Chini ya hapo hujifunzi kitu, na ukianzia 90 utakimbia, na kukimbia nako ni somo linaloshika haraka. Tumchukue anayetaka ualimu wa sekondari. Kupaza sauti "shusha!" badala ya kumgusa abiria wa mbele akusemee. Kumdai konda chenji watu wakisikia. Kuuliza bei ya viatu, kujaribu pea mbili, kushukuru na kuondoka bila kununua. Kupiga simu zahanati kuuliza siku za kliniki, pembeni wapo watu. Kuuliza swali kwenye kikao cha harusi ndani ya dakika kumi za kwanza, kwa sababu kadiri unavyosubiri ndivyo swali linavyozidi kuwa zito. Kusoma somo jumuiyani, au kueleza jambo fupi kwenye darsa. Kumfundisha hesabu mtoto wa jirani, kisha watoto watano. Kusimama mbele ya Kidato cha Kwanza kipindi kizima cha dakika 40. Juu kabisa: kipindi hichohicho, nyuma ya darasa amekaa msimamizi na karatasi ya tathmini.

Kila hatua iendeshwe kama jaribio. Kabla, andika sentensi moja ya ubashiri unaoweza kuthibitishwa. "Nitaaibika" haifai, haipimiki. "Angalau watu watatu watacheka" inafaa. Taja na kinga moja utakayoiacha: leo sitashika kalamu, leo sitakariri sentensi ya kwanza. Fanya. Baada ya hapo andika kilichotokea machoni pa watu, usiandike ulivyojisikia. Rudia hatua hiyo mara tatu hadi tano ndani ya wiki moja au mbili, upande ubashiri unapokosa nguvu. Usisubiri hofu iishe. Inaweza kubaki 30 na kazi ikaenda.

Ukizoea hivyo, fanya kosa kwa makusudi. Mwaga maji kidogo mezani, tamka neno vibaya ujisahihishe, nyamaza sekunde tano katikati ya maelezo. Hii ndiyo hatua wengi wanaikataa na ndiyo inayoleta mabadiliko makubwa, maana inajibu swali ambalo ufanisi hauwezi kulijibu: je, nikikosea kweli, itakuwaje?

Yanapokwama, sababu huwa zilezile. Mtu alipanda ngazi na kinga zake zote. Alifanya mara moja, akapumzika mwezi. Alimuuliza rafiki "nilionekanaje?" kila baada ya tukio, kwa hiyo amani yake ikawa inategemea jibu la rafiki. Au aliendesha kesi usiku, akijishtaki kichwani kwa yaliyopita. Ile kesi ina hila: kumbukumbu anazoziita ni za hisia, siyo za matukio, kwa hiyo hukumu imeshaandikwa kabla hajaanza. Jipe dakika kumi za kuandika ubashiri na matokeo, funga daftari. Kesi ikirudi kichwani, usibishane nayo, amka uoshe vyombo.

Usaili wa mahojiano unahitaji neno lake. Usikariri majibu. Aliyekariri akikatizwa na swali la ziada hupotea njia yote. Andaa mifano mitano ya mambo uliyoyafanya kweli, hata kama ni ya kujitolea au ya mafunzo kwa vitendo, kila mmoja kwenye kadi yenye maneno yasiyozidi manane. Isimulie kwa sauti, kila mara kwa maneno tofauti, mbele ya watu watatu tofauti, mmoja wao awe mtu anayekutisha kidogo: mjomba mkali, mwalimu wako wa zamani. Siku yenyewe usijifungie kwenye simu pale nje. Ongea na mlinzi, ongea na msailiwa mwenzako, uingie umakini ukiwa tayari umeshatoka nje. Ndani, sentensi hii haina ubaya wowote: "Naomba sekunde chache nilipange jibu." Paneli imekaa tangu asubuhi ikisikiliza watu wanaokimbia, na anayetulia huonekana amefikiri.

Dawa zipo, na zina mahali pake. Za kundi la SSRI (dawa za kutibu sonona na wasiwasi), kama sertraline, huandikwa na daktari, huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, na haziachwi ghafla. Propranolol hupunguza mapigo ya moyo na mtetemeko kwa saa chache, inaweza kumfaa mwenye tukio moja maalumu, lakini haiyagusi mawazo, na kwa mwenye pumu ni hatari. Usiinunue kwenye dirisha la duka la dawa kwa ushauri wa mwenzako, na hata ukiandikiwa usiijaribu mara ya kwanza asubuhi ya usaili. Diazepam, dawa ya kutuliza, husinziza, huvuruga kumbukumbu na humfanya mtu aitegemee. Bia mbili za "kujichangamsha" ni kinga kama kinga nyingine, ila hii ina kesho yake, wasiwasi wa asubuhi huwa mkali kuliko wa jana. Ikiwa umeshaacha kutoka nyumbani, au mawazo ya kutotaka kuishi yameanza kuja, ngazi hii siyo ya kupanda peke yako. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Kwa Tanzania, hospitali za Muhimbili na Mirembe zinao wataalamu; kwa Kenya, hospitali ya Mathari.

Ndugu husaidia vibaya kwa nia njema. Wanamjibia mwenye wasiwasi akiulizwa, wanampigia simu zake, wanamtambulisha kwa wageni "huyu ana aibu sana" naye akisikia. Wengine hufanya kinyume, wanamsukuma kwenye kipaza sauti harusini bila kumwambia. Vyote viwili vinampokonya jambo lilelile, kuchagua mwenyewe. Mwambie mapema, mpe sehemu ndogo yenye mwanzo na mwisho, kisha nyamaza asubiriwe, hata kimya kikirefuka. Na mkuu wa shule aliyepokea mwalimu wa namna hii kwenye mafunzo kwa vitendo asimrushe kila siku darasa jipya kuziba mapengo. Ampe mkondo mmoja, vipindi vilevile, wiki tatu mfululizo, msimamizi aanze kuingia wiki ya pili, na maoni ampe siku hiyohiyo kwa maandishi: jambo moja la kubadilisha, na aliloliona wanafunzi wakilifanya.