Pwani ya Fife kwa treni, basi na miguu

Mimi siendeshi gari, na mdogo wangu anayesoma Edinburgh naye haendeshi. Karibu kila tuliyemuuliza alituambia kuzunguka vijiji vya Fife, eneo la pwani ya mashariki ya Uskoti, bila gari ni kujitesa bure. Tukaenda hivyo hivyo, na ningeenda tena kesho.

Treni ya kutoka Edinburgh kwenda mji wa Leven ilianza tena kubeba abiria Juni 2024, baada ya reli hiyo kukaa bila abiria tangu 1969. Inavuka mkono wa bahari uitwao Forth kwa lile daraja jekundu la mwaka 1890, na ukishuka unapanda basi linalopita vijiji vya wavuvi kimoja baada ya kingine hadi St Andrews. Kwenye basi mdogo wangu hakulipa kitu, maana mkazi wa Uskoti aliye chini ya miaka 22 na ana kadi yake husafiri bure. Mimi nikalipa nauli ya mtu mzima huku ananicheka.

Kwingine tulishuka tukafuata njia ya miguu kando ya maji, na kilichotupangia ratiba ni bahari. Kila usiku tulitazama saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kulala, mvua tukamwachia Mungu. Karibu na kijiji cha Elie kuna njia ya minyororo iliyopigiliwa majabalini, nayo haipitiki ila maji yamekupwa sawasawa. Tuliiacha, kwa sababu bahari ilikuwa imechafuka. Ukikaribia St Monans nako, njia inapita chini kabisa ya kanisa la karne ya 14, na maji yakijaa inabidi uzunguke kwa juu. Ingia ndani ya kanisa hilo utazame darini: pananing'inia meli ndogo ya mfano.

Nje kidogo ya St Monans ndipo nilipokaa sana. Kuna kinu cha upepo cha mawe, na chini yake, majanini, vimebaki vifusi vya nyumba za kupikia chumvi za karne ya 18. Nasema kupikia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwetu Malindi, ukipita Gongoni, unaona maji ya bahari yameachwa kwenye mabwawa jua limalize kazi. Fife jua hilo halipo (nilianika kanga asubuhi, jioni bado mbichi). Basi upepo ulizungusha kinu kuvuta maji ya bahari, na makaa ya mawe ya hapo hapo yakayachemsha kwenye masufuria mapana ya chuma mpaka chumvi ibaki.

Anstruther tulishuka kwa ajili ya samaki na chipsi. Kwa tunaoangalia halali: uliza kwanza wanakaangia nini, kwani maduka mengi ya upande huu hutumia mafuta ya ng'ombe. Niliuliza, wakanijibu vizuri bila kununa, na tukala mahali pengine.

St Andrews, kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1158 limebaki kuta na minara. Baada ya mageuzi ya dini ya 1559 liliachwa likaanguka, na watu wakachukua mawe wakajengea. Lakini usiondoke bila kuingia kwenye ngome. Mwaka 1546 Waprotestanti walimuua humo Kardinali Beaton, askofu mkuu Mkatoliki wa St Andrews, wakajifungia ndani. Waliowazingira wakachimba handaki mwambani, pana, mtu anasimama. Wa ndani nao wakachimba la kwao wakifuata sauti ya nyundo, wakakosea, wakaanza upya, mpaka wakawatokea wenzao chini ya ardhi. Hilo la kwao bado linapitika: jembamba, limepinda pinda, limelowa, na unainama mpaka magoti yanagusa kidevu. Vaa suruali.

Mdogo wangu alichungulia tu, akarudi nyuma. "Dada, tangulia," akasema, "mimi nakushikia mkoba."