Chembe nyeupe chini, na mimi mzima

Majibu ya damu yametoka, jamani. Chembe nyeupe 3.4, na kando yake herufi L (yaani chini ya kiwango) imekolezwa wino. Kiwango kilichochapishwa ni 4.0 hadi 11.0, yaani 4,000 hadi 11,000 kwa kila maikrolita ya damu. Hapa Malindi habari haikai: shangazi keshanisomea Yasini, jirani kashataja saratani (huyu hata mafua kwake ni saratani).

Daktari hiyo L hakuishughulikia sana. Alishuka kwenye mgawanyo wa aina za chembe nyeupe: limfosaiti sawa, eosinofili sawa (hizi hupanda mtu akiwa na minyoo au mzio), nutrofili ndizo pungufu kidogo. Akauliza homa, dawa ninazomeza, kama nimekonda. Halafu akataka kipimo changu cha zamani. Namba karibu zile zile! Kumbe Waafrika wengi, na baadhi ya Waarabu, wana nutrofili chache kwenye damu tangu kuzaliwa na hawaugui kuliko wengine. Viwango vingi vilitokana na damu za Wazungu. Chanzo ni jeni ile ile inayokinga malaria ya vivax, aina mojawapo ya malaria.

Nitarudia kipimo. Homa ikipanda kabla ya hapo, niende bila kungoja.