Mti kwenye kifungo

Jana usiku binamu yangu kanitumia sauti WhatsApp: kuna mtu yuko Masasi ananunua rupia ya tembo, na bei anayotaja inajenga nyumba na kuiezeka. Kama namjua mwenye nayo, nimuunganishe upesi. Nikamjibu kwa kicheko, nikazima simu nilale. Usingizi ukagoma. Akili ilishafika porini Mahiwa, mwaka ule mjomba alipopokea malipo ya pili ya korosho akaenda kukodi detekta, mashine inayolia ikipita juu ya chuma kilichofukiwa, na jiko la mkaza mjomba bado linavuja.



Kwetu mtoto anakua akijua kwamba Mjerumani hakuondoka na mali yake, aliizika. Tembo mwenyewe ni wa kweli, hilo nalikubali. Ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 baada ya pesa kutoka Ulaya kushindwa kupita baharini. Tembo upande mmoja, tai upande wa pili. Zilitengenezwa 16,198 tu. Kutoka hapo mjomba alikuwa na hesabu zake: von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, alipita huku kwetu akifukuzwa, Novemba 1917 akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na anayekimbia habebi masanduku. Masanduku yako wapi? Porini. Siku hizi ningemuuliza, kama masanduku yalikuwepo, mbona askari wake walikaa wakidai mishahara mpaka Bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha malipo mwaka 1964, wakati wengi wao walishakuwa chini ya ardhi? Lakini wakati ule nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne, yaani nilikuwa mali ya yeyote mwenye jembe.

Fundi wa mashine alitokea Kahama, ambako alikuwa akitafutia dhahabu. Masharti yake yalikuwa mengi. Simu zote zizimwe na ziachwe mbali. Panga mbali. Mikanda mbali. Mjomba alikuwa na mkanda wenye bizimu kubwa ya chuma, ikabidi auvue, na asubuhi nzima alitembea porini ameshika suruali kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine chetezo cha ubani. Ubani ulikuwa sharti la mzee wa alama. Huyo kazi yake ilikuwa kusoma miti na mawe na kuzungumza na mlinzi wa mali, kwa sababu mali ya Mjerumani, kama mnavyojua, haikai bila jini. Fundi mgao wake, mzee mgao wake, mjomba mgao wake. Mchimbaji alipewa chakula.

Mashine ilianza kulia mapema, ikawa hainyamazi. Kila ilipolia nilichimba, na kila nilipochimba nilitoa ganda la risasi. Maganda kwa maganda, yamekuwa ya kijani, mengine yamepondeka. Mjomba akayatia kwenye kiroba bila kuyatazama. Mimi nilianza kuyatazama. Yalikuwa yamekaa sehemu moja moja, mafungu mafungu, na mwishowe nikaelewa kwamba kila fungu ni mtu aliyelala pale kifudifudi akifyatua mpaka akahama, au hakuhama.

Halafu, karibu na mninga mmoja uliopinda, mlio ukawa mwingine. Mdogo, mwembamba, unakatika. Fundi akavua spika za masikioni, akazivaa tena. Akapitisha mashine kushoto kulia, kisha mbele nyuma, akachora msalaba ardhini kwa kisigino. "Hapa. Polepole."

Nikachimba polepole. Mvua za kwanza zilishanyesha, udongo ulikuwa laini, unatoka kwa mikono. Fundi akapima shimo: kimya. Akapima rundo la udongo pembeni: likalia. Basi akanifundisha kitu ambacho mpaka leo mwili wangu unakikumbuka. Chota udongo kiganjani, funga ngumi, pitisha mbele ya mashine. Kimya, tupa. Chota tena. Kimya, tupa. Mjomba alikuwa amechuchumaa mbele yangu, suruali ameisahau, midomo inacheza bila sauti. Mzee wa alama alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi yake shingoni. Nikachota tena, nikafunga ngumi, nikapitisha, na ngumi yangu ikalia.

Sikuifungua mara moja. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshika kitu kidogo cha duara chenye ubaridi, na kwa muda ule mfupi kilikuwa tembo, nami nilikuwa kijana anayempelekea mama yake bati bando zima.

"Mjomba, fungua."

Nikafungua. Kilikuwa cha kijani, mgongoni kina kitanzi cha kupitishia uzi.

"Nini hicho, mjomba?"

"Kifungo, mjomba."

Sisi huitana hivyo wote wawili, na sijawahi kuisikia ile "mjomba" yake ikiwa na uchungu kama siku ile. Akakichukua, akakitemea mate, akakisugua kwenye pindo la shati mpaka shaba ikaanza kuonekana. Na juu ya shaba kukatokea mti. Shina moja, makuti yamejimwaga juu.

"Mnazi," akasema fundi.

"Mnazi wa wapi porini huku?" mjomba akamjibu. "Huo mvumo."

Wakabishana, mnazi, mvumo, mnazi, hadi mzee wa alama akanyoosha mkono akakidai. Akakigeuza kwenye mwanga kwa muda mrefu. "Hamkupewa kifungo hapa," akasema. "Mmepewa njia."

Yaliyofuata nayapitisha haraka, kwa ajili ya mgongo wangu. Mvumo ulipatikana, bondeni, jirani na kijito. Tukachimba chini yake mpaka maji yakatufukuza. Mzee akasema mlinzi amekasirika, anataka mbuzi. Mjomba akasema hata kuku amekwisha. Fundi akalipwa siku zake akapanda basi. Kiroba cha maganda kikauzwa skrepa, ikapatikana nauli ya kwenda Lindi na kurudi. Jiko likavuja masika nzima.

Miaka mingi baadaye, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa mtandaoni, nikauona ule mti. Shina lilelile, makuti yaleyale. Si mnazi wala mvumo, ni mchikichi, na ilikuwa nembo ya West African Frontier Force, jeshi la Waingereza la Afrika Magharibi. Brigedi ya Wanaijeria iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa 1916, wengi wao wakitoka kaskazini ya Nigeria na kuongea Kihausa. Oktoba 1917 wakafikishwa Mahiwa. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 watu waliuana pale kwa namna ambayo sehemu nyingine za vita ile ya Afrika Mashariki hazikuiona. Upande wa Waingereza peke yao waliouawa na kujeruhiwa walipita elfu mbili. Na wengi wa hao, pande zote mbili, walikuwa Waafrika, ingawa bibi yangu alikuwa akiiita vita ya Wazungu.

Tatizo langu ni dogo na haliniachi. Kifungo hakitembei peke yake. Huenda kilikatika uzi, mtu akaendelea na safari yake koti likiwa wazi. Au koti lilikuwepo palepale, chini kidogo, na ndani ya koti mwenyewe. Tulikuwa tumechimba kama dhiraa moja tu kabla mzee hajatuhamishia mvumoni. Kwa hiyo ule utapeli wake, kama ulikuwa utapeli, ndio uliotuzuia kuendelea pale. Nimejaribu kuamua kama nimshukuru. Bado.

Kifungo chenyewe nilikwenda kukiomba. Nikakuta mkaza mjomba alishakishona zamani kwenye koti la mjomba la harusini, cha pili kutoka juu, kwa uzi mweusi, hakifanani na wenzake hata kidogo. Nikamsimulia mjomba yote: Mahiwa, mchikichi, Wanaijeria. Alisikiliza vizuri, bila kunikatisha, akikipapasa kwa dole gumba.

"Wanaijeria," akasema. "Kumbe na wao walipita."

"Walipita, mjomba."

"Basi na wao lazima walizika kitu." Akafikiri kidogo. "Wewe si unaongea na watu wa nje kwenye hiyo simu yako? Hebu waulize, huo mti ulikuwa upande gani wa mto?"