Herufi Z

Juzi umeme ulikatika baada ya Magharibi, na kabla sijaipata tochi, duka la dawa la chini likawasha jenereta. Moshi ukapanda na ngazi, ukapenya chini ya mlango, nami nikabaki nimesimama jikoni na sufuria mkononi. "Mama, mbona unacheka?" mwanangu akaniuliza. Sikuwa nikicheka, lakini sikumbishia.

Dizeli ni babu. Wanaonisoma siku zote wanamjua, yule wa Michenzani, wa bisibisi kwenye mfuko wa shati hata siku ya Idi, kwa hiyo sitamweleza upya. Nitaongeza moja tu ambalo sikuwahi kuliandika, na sijui kwa nini sikuliandika. Au najua.

Ilikuwa kwenye kiza. Mtu wa Unguja ukimwambia "kile kiza" atakuuliza tu kipi, cha mwezi au cha miezi mitatu. Cha mwezi kilikuwa 2008. Changu ni cha miezi mitatu: kebo inayopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, huko Bara, hadi Fumba ilipata hitilafu Disemba 2009, na taa hazikurudi mpaka Machi 2010. Bila umeme pampu hazisukumi, pampu zisiposukuma maji hayapandi, na sisi tulikuwa ghorofa ya nne. Nilikuwa na miaka kumi na saba na mabega ya mchukuzi. Mengine ya miezi ile mnayajua wenyewe, mishumaa, samaki waliooza mafrijini, mji mzima kunguruma kwa majenereta kama gati.

Babu peke yake ndiye aliyekuwa na raha. Alifanya kazi Saateni kwenye mashine za dizeli, enzi ambazo umeme wa Unguja ulizalishwa hapa hapa, kabla ya kebo kuja mwaka 1980. Karibu miaka thelathini alikuwa akisema umeme wa kuazima haukai. Sasa haukukaa. Hakusema "niliwaambia", lakini alitembea nayo usoni.

Mimi nilikuwa na laptopu kuukuu aliyoniletea ami kutoka Maskati, na ndani yake mchezo mmoja tu usiomaliza betri haraka, kwa sababu haukuwa na picha hata moja. Maandishi matupu. Skrini nyeusi inakuandikia uko wapi na unaona nini, kisha inakaa kimya na kialama kinachopepesa. Wewe unaandika amri, nenda kaskazini, fungua sanduku, nayo inakujibu kilichotokea. Michezo ya namna hii ni ya zamani kuliko mimi. Will Crowther, Mmarekani mpenda kutambaa mapangoni, alitunga wa pango katikati ya miaka ya sabini, na waliofuata wakarithi desturi yake. Wangu ulikuwa wa marubani. Ulitoka kwenye zile hadithi wanazoziita dizelipanki: chukua dunia ya kati ya vita kuu mbili, na injini zake na masizi yake na makoti yake ya ngozi, halafu uizuie isiende kwengine, izidi tu kunguruma. Humo wewe ni rubani wa ndege ya mizigo inayokunywa dizeli, mji uko chini ya Gavana, na kwenye maghala ya uwanja wa ndege kuna watu wanaonong'ona.

Ulikuwa wa Kiingereza. Nilikuwa nikiusoma kwa Kiswahili papo kwa papo, baada ya Isha, bibi akikuna nazi kando ya koroboi, babu kalala ubavu kwenye mkeka. Hakukubali nianze hivi hivi. Lazima niseme "Paukwa", yeye aitikie "Pakawa", ndipo nifungue laptopu.

Usiku wa kwanza aliniharibia kabisa. Injini iligoma kuwaka, mchezo ukaniambia rubani anakagua plagi.

"Nini?"

"Plagi, babu."

"Soma tena, mke wangu."

Nikasoma tena. Akainuka kitako. "Dizeli haina plagi! Dizeli inabana hewa mpaka hewa yenyewe iwe moto, ukiirushia mafuta yanawaka. Plagi ya nini? Huyu aliyeandika hajashika spana tangu azaliwe." Bibi akacheka mpaka nazi ikamponyoka. Babu akataka kujua mafuta yaliisha lini. Nikamwambia yaliishia angani, tumetua, tumeshajaza. "Basi hewa imeingia kwenye mpira wa mafuta. Mwambie alegeze nati ya pampu, hewa itoke, kisha akaze." Nikaandika. Mchezo ukajibu hauelewi. Nikaandika kwa maneno mengine, ukajibu hauelewi. "Haelewi?" babu akasema, akarudi kulala. "Basi na akae hapo hapo."

Wala hakuamini kwamba ndege iliwahi kuruka kwa dizeli. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba ziliruka: kiwanda cha Junkers, Ujerumani, kilitengeneza injini ya Jumo 205, silinda sita na pistoni kumi na mbili, kila silinda pistoni mbili zinaendeana uso kwa uso, bila valvu, na lile puto kubwa la Hindenburg, lililoungua Lakehurst mwaka 1937, lilisukumwa na injini nne za dizeli. Nikampelekea habari hiyo kama anayepeleka zawadi. Akafikiri. "Wajerumani," akasema, akapiga ukuta kwa kiganja, maana na majumba ya Michenzani tulijengewa kwa msaada wa Wajerumani, wale wa Mashariki. "Wana akili. Lakini ngazi wamekuachia wewe."

Usiku wenyewe ninaotaka kuusema ulikuwa wa kuamkia tarehe 12 Januari. Redio ya betri ya jirani ilikuwa ikipiga nyimbo za Mapinduzi, na kwa kuwa hakuna feni wala televisheni, kila neno lilivuka ukuta. Laptopu niliichaji mchana Darajani kwa kijana mwenye jenereta, nikarudi nayo nimeifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Betri ilisoma asilimia thelathini na moja.

Tulifika pahala ambapo mji umechemka, nikakwama kwenye neno. Wale waliokuwa wakinong'ona ghalani wameanza kuchukua mafuta na bunduki. Niwaite waasi, au wanamapinduzi? Kiingereza kilinipa neno moja, mimi nilikuwa na mawili, na redio ukutani. Nikamuuliza babu.

"Wameshinda?"

"Bado."

"Basi waasi. Wakishinda utabadilisha."

"Wewe!" bibi akamwambia, akatupia jicho ukuta wa jirani. Babu akajinyoosha.

Nikaendelea. Ofisa wa Gavana anaingia ghalani na tochi. Pipa moja la mafuta halipo. Nyuma yako amesimama kijana anayekusaidia kupakia mizigo. Ofisa anauliza nani kalichukua. Hapo mchezo ukanyamaza, kialama kinapepesa.

"Anataka jina," nikasema. "Tumwambie? Si tunajua, ni yule mwanamke wa karakana."

Babu hakujibu. Nikadhani kasinzia. Kisha akasema, "Ngoja."

Nikangoja.

"Si wewe. Rubani. Mwambie rubani angoje."

Michezo hii ina amri ya kungoja, na hutumika sana hata ikafupishwa kuwa herufi moja, Z. Nikaibonyeza. Muda unapita, skrini ikaandika. Ofisa anapitisha mwanga wa tochi juu ya mapipa.

"Tena."

Z. Muda unapita. Ofisa anavua glovu moja.

"Tena."

Z. Muda unapita.

Babu alikuwa amekaa sasa, magoti juu, hatazami skrini. Alitazama ukuta, ambako koroboi lilikuwa limemchora kichwa kikubwa kuliko dirisha. Chini ya kucha ya dole gumba lake palikuwa na ule mstari mweusi ambao sabuni haikuwahi kuuweza, na alikuwa akiusugua kwa kidole cha pili, polepole, mbele na nyuma. Kila nikibonyeza aliinamisha kichwa kidogo, sikio mbele, kama vile alivyokuwa akisikiliza pikipiki za watu barazani kabla hajasema ugonjwa uko wapi. Redio ya jirani ikamaliza wimbo, ikakoroma, ikaanza mwengine.

"Anachoka," akaninong'oneza. "Watu hawa wanachoka. Ukinyamaza sana wanaona hujui kitu. Tena."

Z. Muda unapita.

"Tena."

Z. Ofisa anamgeukia kijana. "Basi wewe," anasema. Askari wawili wanamshika mikono. Mwanga wa tochi unatoka nao. Ghala linabaki kiza. Nje unasikia gari likiwashwa.

Niliisoma sentensi ile ya askari nikiwa nimeshaiona yote, na hata hivyo sikujua pa kusimama. Nikaimaliza.

"Kachukuliwa nani?"

"Yule kijana. Msaidizi."

"Jina lake nani?"

Nikapandisha maandishi, nikatafuta. Tangu mwanzo ameandikwa kijana, kijana tu. Hata ndege ilikuwa na jina, yeye hakuwa nalo. "Hana jina, babu."

"Hana jina."

Bibi alikuwa kaacha kukuna. Betri, asilimia tisa.

"Hakuna kurudi nyuma?" babu akauliza. "Kwenye mchezo huu. Mtu akikosea."

Nikasema hakuna.

Kumbe kupo. Ipo amri ya kutangua hatua ya mwisho, karibu michezo yote ya namna ile inayo, nami nikiwa peke yangu niliitumia kila siku. Unaandika neno moja tu: kijana yuko nyuma yako, ofisa kashika glovu yake, hujasema kitu bado. Kwa nini nilisema hakuna? Wachezaji tulihesabu kutangua ni wizi, hilo moja. Na labda nilitaka akubali kwamba mchezo wangu si wa kitoto, baada ya kunicheka kwa ajili ya plagi. Na uso wake ulinitisha, nikataka yaishe. Nimezijaribu sababu zote tatu na kila moja inanibana mahali.

Haukupita muda skrini ikazimika yenyewe. Babu mwaka 1964 alikuwa na miaka kumi na tisa. Hilo nalijua kwa kuhesabu, si kwa kuambiwa. Alikuwapo wapi, alimwona nani, alinyamaza mbele ya nani, hakupata kutwambia na hatukupata kumuuliza. Alikwenda kulala chai yake iko pale pale. Asubuhi wenye kwenda kwenye sherehe walikwenda, yeye akashinda barazani akilifungua na kulifunga jiko la mafuta la bibi, ambalo halikuwa na ugonjwa wowote.

Hatukusema Paukwa tena. Mimi nikajipa sababu kwamba kuchaji ni ghali.

Machi taa ziliporudi, mtaa mzima ulipiga ukelele kama bao limefungwa, watu wakabonyeza swichi hata za vyumba wasivyokaa. Usiku ule ule nikacheza peke yangu. Nikatangua. Ukimtaja yule mwanamke wa karakana, wanamchukua yeye. Ukidanganya, wanamchukua kijana vile vile. Nikachagua moja, na lipi sitasema, hata hapa. Kutoka hapo yote yalikwenda mbio: ndege ikaruka, ghala likalipuliwa, Gavana akakimbia na marikebu. Kwenye ukurasa wa mwisho mji umewashwa taa zote na watu wako barabarani, na mimi, na feni inavuma juu yangu, nikakumbuka kwamba sasa naweza kubadilisha lile neno.

Babu sikumwambia. Aliniuliza mara mbili tu katika miaka aliyobaki nayo. Mara ya kwanza nilimjibu sijacheza tena. Mara ya pili nilikuwa nimeshaolewa, nimekwenda kuwaangalia, tunakunywa chai ya asubuhi, yeye anachovya boflo na bisibisi imo mfukoni.

"Mke wangu," akasema, "yule kijana wa ndege. Alirudi?"

"Karudi, babu."

Boflo likachelewa ndani ya kikombe, likakatika nusu, likazama. Hakulitazama. 

"Nani kamrudisha?"

Nikainua kikombe changu, nikapuliza. Chai ilikuwa ya moto bado.