Nilivotafuta katikati ya wateja wangu Pemba, nyota ikaangukia baharini

Mie nauza chakula cha kuku, ghala langu liko Chake, wateja wametawanyika Pemba nzima kuanzia Makangale huko juu mpaka Kengeja. Pemba si kubwa, urefu wake haufiki hata kilomita 70, lakini ukiwa na gari moja tu na mfuko wa kilo 50 unangojewa Micheweni na mwengine Chokocho siku hiyo hiyo, utaujua ukubwa wake. Kaka yangu ndo dereva na yeye ndo alonambia, dada, mafuta yanakula faida yote, tutafute pahala pengine pa kuweka mzigo. Sawa, lakini wapi? Yeye alitaka Wete kwa sababu ndo mji, mie nilitaka Konde, kila mtu alikua na sababu yake na hakuna aliekua na hesabu.

Basi nikaamua tufanye hesabu. Kila akipeleka mzigo kaka anasimama mlangoni kwa mteja, anabonyeza simu, anachukua jipiesi, yani zile namba mbili za pahala alipo kwenye ramani, ananitumia. Wiki sita tukapata pointi 143, nikazipanga kwenye Excel, na naomba anaetaka kufanya kazi hii asipite haraka hapa, kwa sababu mie nilipoziweka kwenye ramani mara ya kwanza wateja 17 walikua wako kusini mwa Ethiopia na wanne wako Hispania. Wale wa Ethiopia ni alama ya kutoa imesahauliwa mbele ya 5, sisi tuko kusini ya ikweta kwahivo latitudo yetu, ile namba ya kaskazini na kusini, lazima ianze na kutoa. Wale wa Hispania namba mbili zimebadilishana nafasi, 39 imekaa kwenye latitudo na ile ya kutoa 5 imekaa kwenye longitudo, ile namba ya mashariki na magharibi. Siku nzima nilikaa narekebisha na ndo siku ilonisaidia kuliko zote.

Njia niloanza nayo ni k-means, hesabu ya kugawa pointi kwenye makundi kwa ukaribu wao. Ni kongwe, Stuart Lloyd aliifikiri mwaka 1957 akiwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu Marekani, ikaja kuchapishwa 1982, na jina lenyewe alilitoa MacQueen mwaka 1967. Inavofanya kazi hata bibi yangu nilimueleza akafahamu: unasema unataka makundi mangapi, tuseme matatu, kompyuta inatupa nyota tatu kwenye ramani, kila mteja anajiunga na nyota ilio karibu yake, alafu kila nyota inahamia kwenye wastani wa wateja wake, ikishahama wateja wanajigawa upya, nyota zinahama tena, mpaka zitulie. Zinapotulia ndo katikati ya kila kundi. Ila pale nyota zinapotupwa mwanzo panabadilisha jibu, kwahivo usiendeshe mara moja ukaridhika, mie niliendesha mara 50 nikachukua jibu lilokua na jumla ndogo kabisa ya umbali.

Kitu kimoja kilinipa wasiwasi bure. Video nilizofuata zinasema usitumie digrii kama zilivo maana digrii ya longitudo si sawa na ya latitudo, na kweli, London digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 69 tu wakati ya latitudo ni 111. Lakini sisi tuko karibu na ikweta, hapa zote mbili ni kama 111, tofauti yake haifiki hata nusu kilomita. Kwa Pemba kosa hilo halionekani. Ungekua unafanya kazi hii Ulaya lingekuangusha.

Sasa majibu. Kundi la kusini nyota ilikaa karibu na Mtambile, pale panapokatwa njia ya kwenda Kengeja, nikafurahi sana kwa sababu kila mtu wa kule anapita pale. Kundi la pili likabaki huku huku Chake na Wete. La tatu, la kaskazini na mashariki, nyota ikaangukia majini. Baharini khasa, kati ya kisiwa cha Kojani na Kiuyu. Nikadhani nimekosea tena namba, nikaangalia moja moja, hakuna kosa. Wateja wako Kojani na Kangagani upande mmoja, wengine wako Kiuyu na Micheweni upande wa pili, na wastani wao ndo ule mkondo wa maji ulio baina yao. Hesabu iko sawa, ila hakuna mtu anaeishi kwenye wastani.

Nikaenda mwenyewe mpaka pwani pale watu wanapovukia kwenda Kojani. Maji yalikua yamekupwa, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope, na bi mkubwa mmoja mteja wangu alikua anaungojea mfuko wake. Akanambia, "Mwanangu, maji yakiwa hivi mfuko huu unabebwa kichwani kwenye tope mpaka ule upande, na mimi goti langu unalijua. Nileteeni maji yakijaa, au uwekeni hapa juu kwa mtu nitatuma vijana." Kwenye ramani yangu yule mama alikua karibu kuliko watu wengi wa Wete.

Niliporudi nilibadilisha mambo matatu. La kwanza, badala ya wastani nikatumia medoidi, yani katikati lazima iwe ni pointi ya kweli, mteja yule ambae jumla ya umbali wake kwenda kwa wenzake ni ndogo kuliko ya mwengine yoyote. Hapo nyota haiwezi tena kukaa majini. Na faida nyengine, k-means inapima umbali kwa kuuzidisha wenyewe kwa wenyewe, alie mbali mara 3 anahesabiwa mara 9, kwahivo mteja wangu mmoja tu wa Makangale alikua anaivuta nyota nzima kuelekea msitu wa Ngezi. La pili nikampa kila mteja uzito wa mifuko anayochukua kwa mwezi. La tatu ndo lilokua na kazi, nikaacha kilomita za mstari nikatumia dakika za njiani. Siwezi kupima kila mteja na kila mteja, kundi lile lina watu 38 hizo ni safari 703, nikachagua sehemu tano tu ambazo chumba cha kukodi kinapatikana, kwahivo ni 190, na nyingi kaka alikua anazijua kichwani, tukakaa na chai usiku mbili tunaandika. Waliovuka maji tukawaongezea dakika za kungojea.

Kangagani ikashinda, tena kwa mbali. Si Wete wala Konde, wala mie wala kaka hatukuitaja hata siku moja. Tumekodi chumba kimoja karibu na barabara, gari inakwenda mara mbili kwa wiki na mzigo kamili, na watu wa Kiuyu na Micheweni tumewahamishia kwenye safari nyengine ya kupitia Konde kwa sababu kwa dakika wao si wa kundi lile kabisa. Safari zilikua tisa kwa wiki, sasa ni tano. Mizigo ya Kojani tunaipanga kwa kufata maji, kaka ameandika kwenye karatasi mlangoni siku za bamvua na saa ya kujaa, na yule bi mkubwa anapokea mfuko wake chomboni.

Kabla ya Mfungo Mosi nitaendesha tena, nimepata wateja wapya 11 upande wa Tumbe na nataka kuona Kangagani itabaki au itahama.