Jinsi Nilivyodai Pauni 30 Zilizokatwa kwenye Beti Yangu ya Farasi

Nilipokuwa nikiishi Uingereza niliweka dau la pauni 20 katika duka moja la kamari, kwa farasi mwenye odi (kiwango cha malipo) ya 5/1, yaani pauni tano za ushindi kwa kila pauni moja ya dau, na farasi huyo akashinda. Nilitarajia pauni 120, yaani ushindi wa pauni 100 pamoja na dau langu, lakini mhudumu alinihesabia pauni 90. Alinieleza kwa upole kwamba farasi mwingine, aliyekuwa na odi ya 2/1 (odi ndogo zaidi, kwa kuwa alionekana na nafasi kubwa ya kushinda), alikuwa ameondolewa mbioni, na kwamba Kanuni ya 4 ya Tattersalls, yaani kanuni za kubeti mbio za farasi, inaruhusu kukata peni 30 katika kila pauni ya ushindi.

Kanuni yenyewe naiona ni ya haki. Farasi mwenye nguvu akiondoka, waliobaki hupata nafasi kubwa zaidi ya kushinda, kwa hiyo odi iliyotolewa kabla haistahili kulipwa yote. Na kama aliyeondolewa alikuwa na odi inayozidi 14/1, hakuna kinachokatwa. Hata hivyo, makato hayo yanazihusu beti zilizowekwa kabla ya farasi kuondolewa. Mimi nilibeti baada ya odi kupangwa upya, na tiketi yangu ilichapishwa saa yake: dakika tano baada ya tangazo la kuondolewa kwa farasi huyo.

Kwa bahati nzuri niliipiga picha tiketi hiyo kabla ya kuikabidhi, kwa kuwa duka hubaki nayo likishalipa. Sikubishana dirishani. Niliandika barua, na wiki ya tatu nikajibiwa kwa kurudiwa maneno ya kanuni bila suala la saa kuguswa.

Rafiki yangu alinishauri niachane nayo, akisema kwamba deni la kamari halidaiki kisheria. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu sheria ya mwaka 1845, na mteja aliyenyimwa ushindi wake hakuweza kuudai mahakamani; lakini Sheria ya Kamari ya mwaka 2005 iliondoa kizuizi hicho kuanzia tarehe 1 Septemba 2007, na mkataba wa kubeti sasa unadaiwa kama mikataba mingine. Kwangu mimi, hayo ni mabadiliko makubwa kuliko leseni na ukaguzi wote.

Sikuhitaji kufika mahakamani. Masharti ya leseni ya Tume ya Kamari yanaitaka kampuni iwe na utaratibu wa malalamiko, na mgogoro usipomalizika ndani ya wiki 8, mteja aweze kuupeleka kwa msuluhishi huru bila kulipa ada. Niliomba jibu la mwisho kwa maandishi, nikalituma kwa msuluhishi pamoja na picha ya tiketi, saa ya tangazo, na kifungu cha kanuni za kampuni yenyewe kuhusu makato. Msuluhishi aliitaka kampuni ilete kumbukumbu za kompyuta yake, na saa iliyokuwamo ikalingana na ya tiketi yangu. Pauni 30 nililipwa zote.