Vena ya Labbé ilivyonilazimisha kubadili njia

Mgonjwa alikuwa mama wa makamo aliyepoteza usikivu wa sikio la kushoto na kuanza kuyumba akitembea, kwa sababu ya meninjioma, yaani uvimbe wa utando unaofunika ubongo, iliyoota kwenye sakafu ya fuvu na kusukuma shina la ubongo. MRI ilionyesha uvimbe vizuri, lakini sikutaka kuchagua njia ya kuufikia kabla ya kupata picha ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kwa kuwa nilipokuwa bado mwanafunzi wa upasuaji niliona mgonjwa akiamka bila kuweza kutaja jina la mwanawe, baada ya vena moja tu kuziba.

Vena hiyo huitwa ya Labbé, na hukusanya damu kutoka upande wa nje wa sehemu ya ubongo iliyo juu ya sikio. Ikiziba ghafla bila njia mbadala, damu hurundikana, ubongo huvimba na hata kuvuja damu ndani. Na kwa watu wengi upande wa kushoto ndiko lugha iliko.

Kwa kawaida humwaga damu moja kwa moja katika mfereji mkuu ulio nyuma ya sikio. Kwa mama huyu, siti skani ya vena ilionyesha kwamba iliingia kwanza ndani ya tentoriamu, yaani utando mgumu unaotenga ubongo mkubwa na ubongo mdogo. Njia niliyoizoea hutaka utando huo ukatwe, na lau ningeukata mahali pa siku zote, ningeikata vena bila hata kuiona. Nikausogeza mkato mbele, mbali na pale ilipoingilia.

Tulipunguza kwanza maji ya ubongo ili ubongo ulegee, na sikuruhusu chuma cha kuuvuta kifungwe na kuachwa hapo. Vena tuliifunika kwa pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi, maana taa ya hadubini huikausha. Ukuta wake ulipovuja damu, mkono wangu ulikimbilia koleo ya umeme, ya kuchoma mishipa inayovuja (mazoea ni mabaya). Nikajizuia, nikaweka Surgicel, kitambaa cha kuzuia damu, na pamba, nikabonyeza polepole mpaka damu ikakoma, kwa sababu koleo ingeukunja ukuta huo mwembamba na kuiziba vena.

Kipande kidogo cha uvimbe nilikiacha, kwa kuwa kukifikia kungehitaji kuunyanyua ubongo kupita kiasi ambacho vena ingestahimili. Tutakifuatilia kwa MRI. Asubuhi yake mama aliitikia salamu yangu, kisha akauliza kama binti yake amekwisha kula.